Dola tatu za Madame Ruth zilivyonitia ndani kule Masisi, na falanga za Papa zilivyonitoa

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Nyinyi wadogo, marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Nimesoma ule uzi wa juzi ambapo vijana mnatoana macho kama msafiri abebe dola au abadilishe kwanza apate pesa ya nchi anayokwenda. Kuna mmoja kaandika kwa kujiamini kabisa kwamba dola inaliwa popote duniani. Nilicheka mpaka mjukuu wangu akaja mbio akidhani nimepaliwa.

Nina miaka themanini na kitu. Haya ninayoandika yalinipata mwenyewe, si ya kusimuliwa. Karibu mashahidi wangu wote wameshatangulia, kwa hiyo ningetaka kuwadanganya ningejipa sehemu nzuri kuliko hii ya kufungiwa ndani.

Maneno ya watu nitayaandika kwa Kiswahili chetu cha kule Kivu. Msije mkanisahihisha sarufi, na mkiona "njo" someni "ndiye".

Basi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, karibu na mwisho wake. Nilikuwa kijana wa kama miaka ishirini, naishi kwa wazazi pale Kingi, kijiji cha karibu na Masisi. Sisi ni wakulima wa milimani tangu mababu. Maharage, muhogo, na mbuzi wachache wa kufunga kamba. Tena ni watu wa kanisa, na si kanisa la Krismasi tu. Papa yangu, yaani baba, alikuwa na benchi lake pale mbele, na mgeni akilikalia bahati mbaya, watu walimwonea huruma.

Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, najua Kifaransa cha kuungaunga. Hicho Kifaransa ndicho kilichoniponza.

Siku moja mvua imetoka kunyesha, gari dogo likazama kwenye tope chini ya shamba letu. Ndani kuna mwanamke wa Kimarekani, mtu mzima, kofia pana kama ungo, na kamera shingoni. Jina lake Madame Ruth. Alikuwa mtalii tu, ametoka kule ziwani anataka kuona milima ya Masisi, halafu ateremke Walikale akaone msitu. Dereva wake alikuwa Kaka Léonard, mtu wa mjini, mashati yamepigwa pasi hata kwenye tope.

Tukalisukuma gari mimi na binamu zangu. Likatoka. Madame akafurahi, akafungua mkoba, akampa kila mmoja wetu peremende. Mkoba ule niliuona. Umejaa noti za kijani.

Kaka Léonard akaninong'oneza kwamba Madame hana falanga hata moja. Falanga ndiyo pesa yetu ya wakati ule. Kwenye mahoteli ya ziwani walimpokea dola zake bila shida, basi akaamini kila mtu atazipokea. Léonard alimwambia apitie benki abadilishe kabla ya kupanda milimani, akajibiwa kwamba dola ni pesa ya dunia nzima.

(Kijana wa uzi wa juzi, unamsikia mwenzio?)

Madame akasikia Kifaransa changu, akaniomba nimtembeze siku nne. Niligeuka mkalimani, mbeba kamera na mfukuza mbwa. Kazi yenyewe ilikuwa raha. Kila kilima alitaka kujua jina lake, na vilima ambavyo sikuvijua nilivipa majina ya shangazi zangu. Mungu anisamehe, huenda yako kwenye albamu huko Marekani.

Siku ya tatu tukaenda soko la Mweso. Akapenda kikapu. Akamtolea mama muuzaji noti ya dola moja. Yule mama akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaniuliza mimi.

"Kaka, uyu mukubwa wa ku karatasi ni nani? Siye hatumujue."

Nikamwambia ni mkubwa wa Amerika.

"Basi akanunue kikapo kwake Amerika. Mi nataka ile ya tembo."

Alimaanisha zile sarafu zetu za zamani zenye picha ya tembo. Watu wakacheka soko zima. Madame naye akacheka, maana hakuelewa. Kikapu kikalipiwa na Léonard kutoka mfukoni mwake, na niliona uso wake haukuwa wa kucheka.

Siku ya nne wakaondoka kwenda Walikale. Kabla hajapanda gari Madame akaniaga vizuri, akanipa malipo yangu: dola tatu.

Wakuu, nilisimama pale barabarani nimezishika. Nilitegemea falanga. Nilishapanga hadi suruali. Lakini kijana wa Kingi utamwambia nini mtu mzima mwenye kofia kama ile? Nikasema merci.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, na sidhani kama kuna watu wengine duniani wangelifanya zaidi ya sisi.

Kwetu mshahara wa kwanza wa mtoto hauliwi. Unapelekwa kanisani kuwa malimbuko, kama vile maharage ya kwanza ya msimu. Nilimwonyesha Mama zile noti, nikamwambia hizi hazina kazi hapa, nitazitunza mpaka nipate safari ya mjini. Hakutaka kusikia.

"Mushahara wa kwanza iko ya Mungu. Papa yako alifanya vile, na weye utafanya vile."

"Mama, lakini haiko falanga."

"Mungu anajua feza ya kila inchi."

Jumapili ikafika. Kapu la sadaka likapita na mayai, sarafu na mafungu ya maharage. Mimi nikaweka dola moja juu kabisa ili Mama aione. Mbili nikaziacha nyumbani chini ya mkeka.

Mtunza sadaka alikuwa Papa Petero, mzee mwaminifu kupita kiasi. Alipopanga sadaka akakuta karatasi ya kijani yenye maandishi asiyoyajua. Akafikiri mzungu fulani amepoteza pesa yake, na huyo atakuwa anaitafuta. Hakumuuliza mtu. Jumatatu asubuhi na mapema akaibeba hadi ofisi moja ya serikali iliyokuwa kando ya barabara, jina lake naliacha, akamkabidhi karani. Alipoulizwa nani kijijini kwetu huwa karibu na wazungu, akanitaja mimi bila kuwaza.

Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu sasa. Nia yake ilikuwa safi kabisa. Ila jamani, angeuliza tu!

Mjue kwamba wakati ule mtu mweusi kukutwa na pesa ya kigeni ilikuwa kesi tayari, hata kabla hujafungua mdomo. Saa nne polisi wawili wakawa mlangoni kwetu. Wakapekua. Wakainua mkeka. Dola mbili hizo hapo, zimelala kama mayai.

Mama akapiga kelele. Nikafungwa kamba mikono, nikapitishwa katikati ya kijiji, na watoto wanatufuata.

Karani alikuwa kijana wa rika langu, kalamu sikioni.

"Hii feza ulitoa wapi?"

"Madame wa Amerika njo alinipatia. Nilimutumikia siku ine."

"Iko wapi uyo Madame?"

"Alienda Walikale."

"Ah! Na mimi mufalme wa Ulaya alinipatia saa, lakini alisharudi kwake."

Wenzake wakacheka. Niliwaambia wawaulize watu wa Kingi, wawaulize watu wa soko la Mweso, wote walituona pamoja. Karani akasema kuonekana na Madame hakuonyeshi kwamba alinipa. Mwizi naye huwa karibu na anayemwibia.

Mkubwa wa ofisi, mzungu, akatoka kidogo, akazitazama noti, akaamua. Nikae buloko, yaani ndani, mpaka Jumamosi, ile siku tuliyoiita siku ya posho. Siku hiyo kulikuwa na lori linaloteremka mjini. Kama mwenye dola hajatokea kunitetea, napelekwa kuhukumiwa kwa wizi. Kabla ya kuondoka, fimbo.

Niliogopa, wakuu. Sitaki kujifanya shujaa hapa. Niliogopa fimbo, na niliogopa mji, maana vijana wawili wa upande wetu waliokwenda na lori lile hatukuwaona tena kwa miaka.

Jumanne Papa na Mama wakaja na bugali na sombe, yaani kisamvu. Mama analia tu. Papa akachuchumaa mbele yangu, akanishika kidevu kama nilivyokuwa mdogo.

"Mutoto yangu, niangalie mu macho. Uliiba?"

"Hapana, Papa."

"Kweli?"

"Mbele ya Mungu, Papa. Alinipatia kwa mukono yake."

Halafu akasimama, akajikung'uta suruali.

"Basi nitaenda kumutafuta."

"Papa, kufika Walikale iko mbali."

"Na siku ya posho iko karibu."

Akaondoka. Baadaye ndiyo nilijua alipitia nyumbani akauza mbuzi wawili na gunia la maharage kwa bei ya kutupa, akafunga falanga zake kwenye kitambaa. Alidhani labda huko mbele atatakiwa kulipa kitu ili nitoke. Kisha akashika barabara ya Walikale kwa miguu, na mahindi ya kuchoma mfukoni.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na Kaka Léonard, na Papa alithibitisha.

Huku mimi nalia ndani, Madame Ruth naye alikuwa anakiona cha moto. Walishuka hadi msituni vizuri. Siku mbili za kwanza Léonard alilipia kila kitu, mpaka mfuko wake ukabaki kitambaa. Kuanzia hapo, dola za Madame hazikununua hata ndizi moja. Si kwamba watu wa Walikale walikuwa wabaya. Walimpa bitoke, zile ndizi za kupika, samaki wa mtoni na uyoga, bure. Alipotoa noti walimrudishia.

"Mugeni halipake chakula," wakamwambia.

Kuna mama mmoja alipokea kwa kuona haya, na kesho yake asubuhi akaja kumrudishia noti yake imekunjwa kwenye jani.

Chakula walipewa, lakini gari haliendi kwa uyoga. Wakaamua kugeuza. Wakajikokota hadi kwenye duka moja la barabarani linalouza mafuta kwa pipa, na pale pale mbele ya duka gari likazima, kavu. Mwenye duka akazitazama dola akakataa. Benki iko mbali, amesikia kuna noti za uongo, na yeye mafuta anayanunua kwa falanga. Madame akamwongezea. Akakataa. Akaongeza tena, na hapo ndipo yule bwana alipopata wasiwasi zaidi, maana nani anatoa pesa ya kweli kwa fujo namna ile?

Siku mbili wamekaa pale. Mkoba umejaa pesa na gari limekauka mbele ya pipa la mafuta.

Alhamisi jioni Papa akatokea kwenye kona, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliiona kofia kwanza. Akavua yake, akamwendea Léonard.

"Kaka, mutoto yangu iko mu buloko juu ya karatasi ya uyu Madame. Banasema aliiba. Siku ya posho banamupeleka."

Léonard akamtafsiria. Anasema Madame alikaa chini kwenye ngazi ya duka, mkono mdomoni, rangi imemtoka. Halafu akasimama ghafla akasema twende, twende sasa hivi. Kisha akakumbuka gari halina mafuta, akaanza kulia kweli, mtu mzima yule.

Papa hakuelewa kilio. Akauliza.

"Analilia nini?"

"Hatuna mafuta, Papa. Feza yake wanaikatala."

"Bei ngapi?"

Mwenye duka akataja. Papa akafungua kitambaa chake pale pale kwenye meza ya duka, zile falanga za mbuzi na maharage. Mwenye duka hakuuliza lolote. Alichukua, akajaza.

Kila nikifika hapa huwa nasimama kidogo. Mkulima wa Kingi, asiyejua kusoma, amemkopesha mtalii wa Kimarekani nauli ya kuja kumtoa mtoto wake.

Papa hakuwa amewahi kupanda gari maishani. Léonard anasema alishika mlango kwa mikono miwili njia nzima na kusali kila kona, na zile njia, wanaozijua wanazijua, ni kona tupu.

Ijumaa alasiri nilikuwa nakata majani kando ya barabara pamoja na wafungwa wengine. Nikasikia mlio wa gari. Sikuinua kichwa, nilikuwa nimechoka kuinua kichwa kila gari likipita. Halafu nikasikia sauti ya Papa inaniita jina langu kwa nguvu kutoka dirishani.

Nikakaa kwenye majani. Askari akanifokea nisimame na sikuweza. Nilicheka na kulia kwa pamoja na wala sikuona aibu.

Ofisini mambo hayakuchukua hata nusu saa. Madame aliingia bila kubisha hodi, akamwaga mkoba mzima juu ya meza ya yule mkubwa, noti zile zile za kijani, akaongea Kifaransa chake kibovu kwa sauti ambayo ilisikika hadi barabarani. Mkubwa akawa mwekundu, akaniambia niende. Karani akawa anatafuta kitu kwenye droo. Mpaka natoka alikuwa bado anakitafuta.

Tulipotoka nje, Madame akamgeukia Papa amlipe pesa ya mafuta. Wakuu, mnajua alitoa nini? Dola! Hakuwa na kingine.

Papa akarudi nyuma hatua mbili, mikono juu.

"Hapana Mama, ile hapana tena. Bataniweka mu buloko na mimi."

Hapo Léonard alicheka mpaka akashika gari. Madame alipotafsiriwa akacheka pia, machozi yanamtoka. Akauliza sasa afanye nini, mzee anataka nini. Papa akasema falanga atazituma akifika mjini, hazina haraka. Lakini kuna kitu kimoja anakitaka Jumapili hii.

"Mutoto yangu alipitishwa mu kijiji na kamba. Batu yote walimuona. Nataka Madame akuje kwa kanisa, aseme mbele ya batu yote."

Madame alipaswa kuondoka Jumamosi. Akabaki. Alilala kwetu Kingi, kitanda cha wazazi, akala maharage, akasifia.

Jumapili kanisa lilijaa, hata wasiosali walikuja. Madame akasimama mbele na ile kofia yake mkononi. Wote tulidhani Léonard atatafsiri. Kumbe walikuwa wamefanya mazoezi usiku kucha bila kutuambia. Akafungua mdomo, polepole, neno moja moja.

"Uyu mutoto hakuiba. Mimi njo nilimupatia. Kosa iko yangu."

Halafu Mama yangu akapiga kigelegele, kanisa zima likafuata. Papa Petero akaja akanipigia magoti, mzee mzima, nikamwinua haraka maana ningepata laana. Nikamtazama Papa yangu. Alikuwa anaangalia dari, shingo imenyooka, na machozi yanaingia kwenye ndevu.

Sijawahi kujisikia mwepesi namna ile tena. Hata siku ya harusi yangu, na mke wangu asisome hapa.

Falanga zilikuja kweli, wiki chache baadaye, Léonard alizileta mwenyewe kwenye bahasha. Zilikuwa zimezidi. Papa akanunua mbuzi watatu.

Sasa somo, maana najua wengine mmeruka mpaka huku chini.

Ukisafiri, badilisha pesa kabla hujatoka mji wenye benki. Hilo kila mtu atakwambia. Mimi naongeza moja tu: unapomlipa mtu wa chini, mlipe pesa ambayo akikutwa nayo hakuna atakayemuuliza ameitoa wapi. Madame Ruth alikuwa mwema. Alinilipa kwa moyo wake wote, na bado kidogo tu nipande lile lori.

Uwanja ni wenu. Aliyewahi kukataliwa pesa yake ugenini aje atueleze alitokaje. Na yule kijana wa dola inaliwa popote, nakusubiri hapa, sina hasira na wewe. Nina muda mwingi.